Siku Achol Hakuja Kazini

Kabla sijaondoka kazini, vijana wa ofisi ya utumishi walinipeleka kuiona mashine yao mpya. Unaweka kidole, inalia kidogo, jina lako linatokea, basi, umehesabiwa kuwa uko kazini. Nikawauliza: inajua kama mwenye kidole amelala? Inajua kama amekula? Wakacheka. "Mzee, hiyo si kazi ya mashine." Nikawaambia kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Wakasema, basi tuandikie. Haya, naandika. Siku za mstaafu ni ndefu, na mbuzi wangu hawahitaji msimamizi.

Nilizaliwa upande wa Nakalale, kwa wafugaji, na mwanzoni mwa miaka ya tisini nikaajiriwa katika hospitali moja mjini Lodwar kuwa msaidizi wa katibu wa hospitali. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Vilikuja kama mvua ya kwetu, mara chache na kwa kelele nyingi.

Asubuhi ya kwanza katibu alinikabidhi daftari la mahudhurio na kalamu nyekundu. "Ebei, watu hawaji kazini. Jina ambalo halina sahihi, lipige mstari." Nikapiga mistari. Kufikia saa nne ukurasa ulikuwa mwekundu kama macho ya mtu aliyesafiri juu ya lori. Nje foleni imezunguka jengo, na chumba cha sindano kimefungwa kwa kufuli. Nilijiona nimechapa kazi, ila hakuna mgonjwa aliyepona kwa mistari yangu.

Ndipo akaingia Matroni Prisca, mkuu wa wauguzi. Alikuwa mama mrefu kutoka Kakamega, mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima bila kuipaza. Akaliangalia daftari.

"Umemaliza kuchora?"

"Nimemaliza, Matroni."

"Basi vaa kofia, twende."

Tulikwenda kwa miguu mpaka Kanamkemer, ambako wauguzi wengi walikuwa wamepanga vyumba. Hatukuhitaji kubisha hodi kwa mtu. Wote niliowapiga mistari walikuwa kwenye bomba, wamevaa sare nyeupe, wamepanga mitungi. Maji yalifunguliwa asubuhi tu, saa ileile zamu inapoanza. Muuguzi wa chumba cha sindano aliponiona na daftari langu kwapani, hakusubiri niulize.

"Nikija kazini, watoto wanywe nini? Sindano?"

Matroni akanigeukia. "Mwandikie hilo, kwa kalamu yako nyekundu."

Juma hilohilo Matroni alimkalia katibu ofisini hadi akakubali mapipa ya maji yawekwe ndani ya ua wa hospitali, na kila jioni mkokoteni wa punda upeleke mitungi ya wafanyakazi Kanamkemer. Katibu alilalamika kwamba hospitali si kampuni ya maji. Lakini chumba cha sindano kilifunguliwa asubuhi, na huyo katibu mwenyewe akaanza kuwaonyesha wageni mapipa kana kwamba aliyaota yeye. Nami nikapata somo langu la kwanza kutoka kwa Matroni Prisca: mtu asipokuja, mfuate kabla hujamwandikia barua, kwa maana barua haina macho.

Lazima nieleze pia jambo lililonichukua muda kulielewa. Mimi ni wa hapa. Kwangu Lodwar ilikuwa jiji, lina maduka ya mkate, lina taa. Wenzangu wengi walikuwa wametoka kule sisi tunakokuita Kenya, yaani kila mahali baada ya kushuka milima, na kwao barua ya kuhamishiwa Turkana ilikuwa kama hukumu. Nilidhani ni watu wa kudeka. Baba yangu alifuata mifugo miezi mingi bila habari ya nyumbani, na hakuna aliyemwuliza kama ana mawazo.

Katikati ya miaka hiyo nilihamia Kakuma, kwenye hospitali ndogo iliyohudumia wakimbizi na wenyeji pamoja. Wodi zilikuwa za mabati na turubai. Upepo wa mchana ulipovuma ungedhani paa linataka kwenda likizo kabla ya wafanyakazi. Nilipewa meza, rundo la funguo na redio ya mawasiliano, ile ya kubonyeza na kusema "ova". Simu hazikuwapo. Redio hiyo ilisikika Lodwar, Lokichoggio na Kitale, na mtu yeyote aliyekuwa na redio kama yetu katikati hapo alisikia kila kitu.

Daktari wetu alikuwa mmoja tu, kijana wa Nairobi, mwembamba, mwepesi wa mikono na wa hasira. Muuguzi wa dawa ya usingizi alikuwa Wafula wa Bungoma. Bila Wafula hakuna aliyepasuliwa. Kisu cha daktari kilikuwa sawa na kijiko. Na wodi ya akina mama ilikuwa na Achol, mkunga msaidizi, dada wa Sudan Kusini aliyefika kambini kwa miguu akiwa msichana, na akajifunza kazi hapohapo. Kiswahili chake alikiokota wodini, kila siku kidogo, na palipokuwa na shimo alijaza Kiarabu cha Juba.

Wafula ndiye aliyekuwa tatizo langu la kwanza. Kila akipewa ruhusa kwenda kwao alichelewa kurudi. Hilo niliweza kulieleza: magari yalisafiri kwa msafara wenye askari kwa sababu ya majambazi wa njiani, na ukiukosa unangoja mwingine. Lakini halafu akaanza kuondoka bila ruhusa. Unakuta nyumba imefungwa, na kesho yake mtu anakwambia alimwona juu ya lori la mbao.

Siku moja wakati kama huo aliletwa mama mmoja Mturkana, Nakiru, nyuma ya pikapu. Uchungu ulikuwa umemshika tangu siku iliyotangulia, na mtoto amelala kimshazari. Daktari akanawa mikono, akaita, "Wafula!" Hakuna Wafula. Mvua ilikuwa imenyesha milimani na laga, ile mito mikavu ya kwetu, zimejaa kwenye njia ya Lodwar, gari haliwezi kupita. Daktari alipiga teke ndoo. Mimi nikaikumbatia redio, naomba ndege ndogo kutoka Lokichoggio kama mtu anayeomba msamaha. Achol alikaa na Nakiru muda wote huo, amemshika kiuno, anamwimbia kwa Kidinka. Nakiru hakuelewa hata neno moja, lakini kila Achol aliponyamaza alimvuta mkono ili aendelee.

Ndege ilikuja alasiri, ikampeleka Nakiru Lodwar. Jioni nikasikia sauti ya Matroni Prisca kwenye redio kutoka Lodwar: "Mama mzima, mtoto mzima. Mtoto ana sauti kukushinda wewe, Ebei. Ova." Niliketi chini. Si kwenye kiti, chini.

Daktari alisimama mbele ya meza yangu. "Wafula akirudi, mfute kazi. Usipomfuta, mimi naondoka."

Barua ya kufuta ilikuwa juu yangu kuiandika. Sikuiandika. Wafula aliporudi nilimfuata nyumbani, nikamkuta ameketi kitandani na viatu vyake miguuni.

"Ulikuwa wapi?"

"Malaria, Bwana Ebei."

"Malaria ya wapi?"

"Ya Bungoma."

Nikamweleza habari za Nakiru, hatua kwa hatua, pamoja na ile ndoo. Alifunika uso. Nilifikiri ataleta sababu nyingine, lakini alipofungua mdomo sauti ilikuwa imebadilika.

"Mtoto wangu wa kwanza alikufa mimi nikiwa hapa. Barua ilinifikia ameshazikwa, na matanga yameshaanuliwa. Tangu hapo siku zikipita bila habari, kichwa kinaniambia kuna kaburi lingine. Siwezi kukaa. Nadandia lori lolote. Nikifika nawakuta wanakula ugali, mke wangu ananiuliza, wewe umefuata nini?"

Miaka yote nilidhani watu wanaikimbia Turkana. Huyu hakuwa akikimbia mahali. Alikuwa akikimbilia habari.

Nilimweleza Daktari. Alikwaruza ukucha.

"Nakiru angekufa, Ebei."

"Najua, Daktari."

"Nampa nafasi moja. Moja tu. Na umwambie mimi pia nina mama yangu, na sijui hali yake."

Nakiru alipomleta mtoto kuchanjwa, Wafula alitoka mwenyewe kwenda kumwomba radhi. Mume wa Nakiru alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwa lugha yetu kwamba maneno ni mazuri, ila mtu akitaka kuomba radhi vizuri huja na mbuzi. Wafula akaleta mbuzi. Mtu wa Bungoma kuchagua mbuzi katika soko la Kakuma ni hadithi nyingine. Alichaguliwa yeye na mbuzi.

Mimi nikapanda gari kwenda Lokichoggio kwa wakubwa wa shirika letu. Nikaomba wafanyakazi wazungumze na familia zao kwa redio, kwa kuwa tulikuwa na ghala letu Kitale lenye redio, na jamaa wangeweza kufika pale.

"Redio ni ya kazi," akasema mkubwa.

"Mtu wa dawa ya usingizi akikosa habari za nyumbani, tunaita ndege," nikamjibu. "Na ndege je, si ya kazi?"

Tukapewa Jumamosi alasiri, wala tusizidishe.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa zamu ya Wafula. Wafanyakazi wote ambao hawakuwa zamuni walijipanga nje ya dirisha langu, wamejifanya wanapunga upepo. Mkewe Nekesa alikuwa Kitale, na ilionekana hakuna aliyemweleza kwamba sauti yake inasikika nchi nzima.

"Wafula! Unanisikia?"

"Nakusikia, mama. Sema ova. Ova."

"Ova ni nani?"

"Ni neno la kumaliza. Watoto hawajambo? Ova."

"Watoto wazima! Lakini yule fahali uliyeniachia ameingia kwa jirani, amemaliza mahindi, na jirani anasema mwenye fahali ajitokeze. Sasa mimi nimtoe wapi mwenye fahali? Ova!"

Wafula akakuna kichwa, redio mkononi. Kabla hajabonyeza kujibu, ikaingia sauti ya mtu tusiyemjua, pengine padri, pengine rubani: "Mama, mwambie tena, nadhani hakusikia vizuri. Ova." Watu walianguka dirishani kwa kicheko. Wafula naye alicheka, halafu nikaona anapangusa macho kwa mkono wa sare. Juma lote lililofuata kila aliyepita alimsalimia, "Ejok, mwenye fahali!" naye akaitika, "Ejok-noi!" Hakudandia lori la mbao tena.

Mambo yakabadilika. Si kwamba watu waliacha kabisa kukosa kazi. Binadamu ni binadamu, na Jumatatu ni Jumatatu. Lakini aliyekwenda likizo alirudi, na asiyeweza kurudi alituambia kwa redio. Hata Daktari alizungumza na mama yake. Tulisikia akiulizwa mara kadhaa kama anakula, na akajibu kwa sauti ndogo ambayo hatukujua anayo.

Achol ndiye hakupanga foleni ya Jumamosi. Yeye alibaki wodini ili wenzake waende. Na kwa kweli huyo hakuwahi kukosa kazi hata mara moja. Krismasi, wakati kambi nzima inaimba, Achol yuko wodini. Ana homa, yuko wodini. Kwenye mikutano nilikuwa nikisema, "Mtazameni Achol." Niliridhika naye kama mtu anavyoridhika na ukuta.

Jumamosi moja, wengine walipokwisha kutawanyika, alisimama mlangoni pa ofisi.

"Bwana Ebei, redio hii nafika wapi?"

"Lodwar, Kitale, Loki."

"Na kule ingine, ya mpaka?"

"Kuna vituo vya misaada vina redio."

"Mama yangu hana kituo." Akacheka kidogo. "Malesh, si kitu. Nilitaka kujua tu." Akarudi wodini.

Nilikaa na maneno hayo mpaka Jumatatu, nikamwita Matroni Prisca hewani. Nikamsimulia kila kitu, na nchi nzima ikinisikiliza.

"Huyo dada hupumzika lini? Ova."

"Hapumziki, Matroni. Ndiye mfanyakazi wangu bora. Ova."

"Nimekuuliza anapumzika lini, unanijibu habari za ubora. Huyo ndiye mgonjwa wako, Ebei. Ova na kwaheri."

Nikamwandikia Achol likizo. Kesho yake asubuhi nikamkuta mlangoni pa wodi, amevaa sare.

"Achol, uko likizo."

"Niko likizo. Lakini nyumbani kuko kimya, Bwana Ebei. Nikikaa, ile barabara narudi kichwani, mahali tuliachana na mama. Watu walikimbia, mimi nilishika mkono, nikaangalia, mkono ni ya mtu mwingine." Alinyoosha kitambaa cha kichwa. "Hapa watoto wanalia. Kwais, ni vizuri. Hapa mimi nalala hata nikisimama."

Miaka yangu yote ya kuwafuata watu wasiokuja kazini haikunifundisha la kumwambia anayekuja. Aliyepata la kusema ni Wafula. Alikuwa amesimama nyuma yangu na sinia la vifaa.

"Bwana Ebei, pale malori yanaposhusha wageni kutoka mpakani, si kuna wajawazito? Nani anawapima? Mpeleke Achol siku moja kwa juma. Iwe ni kazi, yeye bila kazi hatakwenda. Na akiwapima, atawauliza." Akaongeza taratibu, "Mtu anayengoja habari asingoje chumbani. Nijuavyo mimi."

Daktari alinung'unika kuhusu wodi itakayobaki wazi, kisha akasema siku hiyo ataishika yeye mwenyewe. Akina mama walimwogopa mara ya kwanza, na mara ya pili walimfundisha jinsi ya kumshika mtoto asilie.

Hivyo Achol akaanza kwenda kwenye malori. Aliwapima akina mama waliotoka kwenye vumbi, na kila mmoja alimwuliza: hujamwona mama anaitwa Nyibol, ana kovu la moto mkononi? Wengi hawakujua. Mmoja akasema alimwona kwenye mapito ya mifugo. Mwingine akaapa kwamba amekufa. Siku hiyo Achol alirudi, akanawa mikono, akaanza kupanga chupa za dripu, na chupa zikamponyoka zote. Wauguzi wakamtoa nje, wakaketi naye kwenye kivuli cha wodi, na akalia kwa sauti mbele yetu kwa mara ya kwanza. Wafula alishika zamu yake. Kesho yake hakuja mapema kama kawaida. Alikuja saa ya zamu, kama sisi wote, na siku yake ya mapumziko ilipofika akapumzika. Lakini kwenye malori aliendelea kwenda, na kila mama aliyempima aliondoka na jina la Nyibol. Wengine walivuka mpaka tena, kwa sababu zao, na jina likavuka nao.

Miezi ikaenda hivyo. Halafu asubuhi moja Wafula aliingia ofisini kwangu bila kubisha.

"Achol hayuko."

"Amechelewa?"

"Achol hachelewi. Zamu imeanza, hayuko."

Habari ilizunguka hospitali kabla sijapata funguo zangu. Wauguzi walisimama kwenye milango. Daktari alitoka na glavu mkononi, akasema tu, "Nenda." Nilipanda baiskeli nikaingia kambini, napita maduka na makanisa ya udongo, na kichwani napanga mambo mabaya moja baada ya jingine: malaria, wezi, na lile nisilotaka kulitaja, la mtu aliyechoka kungoja.

Nilipofika kwenye ua wake nilishuka baiskeli. Watu walikuwa wamejaa hadi nje ya boma la miiba, wanawake kwa wanaume. Najua umati wa namna hiyo asubuhi unamaanisha nini. Nikavua kofia. Kisha nikasikia ngoma, na vigelegele, na wimbo wa kanisani ambao Achol alizoea kuwaimbia akina mama wodini, safari hii ukiimbwa na ua mzima.

Wakanipisha. Ndani, juu ya kitanda cha kamba, ameketi mama mkongwe, mwembamba kama fimbo, mkono mmoja una kovu. Miguu yake iko ndani ya beseni. Achol amepiga magoti anaiosha, na bado amevaa sare ya jana. Lori la jioni iliyopita lilikuwa limemshusha yule mama, na alichojua kukitaja ni kitu kimoja tu: anamtafuta binti wa Nyibol, yule anayepima wajawazito. Kila mtu pale alimjua.

Achol aliinua macho, akanitazama kama mtu aliyeamshwa usingizini.

"Bwana Ebei! Leo... kazi!" Akasimama ghafla, maji yanamtiririka mikononi.

"Kazi iko," nikasema.

Mama yake akamwuliza kitu kwa Kidinka, ananielekeza kidole. Achol akamjibu. Yule mama akanitazama kutoka viatu hadi kofia niliyoishika, akasema maneno machache, na ua wote ukaangua kicheko.

"Anasema nini?"

"Anasema..." Achol alikuwa analia na kucheka pamoja. "Anasema kama umekuja kunichukua, utangoja. Yeye amengoja kukushinda."

Nikawekewa kigoda. Nikapewa asida, ugali wa kwao, na mchuzi wa bamia, nikala mpaka nikakwangua sahani, jua limeshapanda na ofisi yangu imefungwa. Kisha nikapanda baiskeli kurudi hospitalini kuwaambia kwamba Achol hayuko kazini leo, wala kesho, na njia nzima nilipiga kengele ingawa hapakuwa na mtu wa kunipisha.